Mapafu ya Plastiki, Ubongo wa Mwani

Mwaka 1957, mjini Cape Town, mwanafizikia Allan Cormack aliweka mbele ya chanzo cha mionzi ya kobalti-60 kipande cha duara kilichokerezwa karakanani: ndani aluminiamu, nje pete ya mti wa mwaloni, upana wote sentimita 20. Upande wa pili kilikaa kifaa cha kuhesabu miale iliyofanikiwa kupenya. Akawa anakisogeza kile kipande hatua kwa hatua, anaandika hesabu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, hospitali ya Groote Schuur ilikuwa imemwazima kutoka chuo kikuu kwa siku moja na nusu kila wiki, kwa sababu sheria ilitaka mwanafizikia asimamie dawa zenye mionzi, na aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa ameondoka. Huko aliona tiba ya mionzi ikipangwa kana kwamba mwili mzima ni kitu cha namna moja, mfupa sawa na pafu. Akajiuliza kama mtu anaweza kujua kilichomo ndani ya kitu kwa kupima tu miale inayokipita, bila kukipasua.

Hesabu zilikubali. Aluminiamu ilitoka kama aluminiamu na mwaloni ukatoka kama mwaloni. Ila nukta tatu zilizo karibu kabisa na kitovu zilikaa kombo kidogo, hazikutaka kufuata mstari wa wenzake. Cormack akaenda karakanani kuuliza. Kumbe katikati ya ile aluminiamu kulikuwa na kigingi chembamba kinachozuia mionzi kidogo kuliko sehemu iliyokizunguka, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Mbinu ambayo bado haikuwa hata na mashine yake ilikuwa tayari imemuumbua fundi.

Historia ya CT, picha ya ndani ya mwili inayojengwa na kompyuta kutokana na miale inayoupita, kwa kawaida husimuliwa kuanzia London, na tutafika huko. Lakini kwa sura hii kile kipande cha aluminiamu na mwaloni kina uzito kuliko milinganyo ya Cormack. Kilikuwa fantomu, yaani kitu kinachosimama mahali pa mwili wa mtu mbele ya mashine ya picha, na faida yake yote imo katika ile safari fupi ya kwenda karakanani. Ukimpiga mgonjwa picha ukaona doa kwenye ini, hakuna karakana ya kuuliza. Unaweza kumchoma sindano ukatoa kinyama cha kupeleka maabara. Unaweza kumwambia arudi baada ya miezi sita. Mara nyingi daktari huishi na makisio yake, na mgonjwa huishi nayo pia. Kwa fantomu mambo ni kinyume: aliyeitengeneza anajua kila kilichomo, ukubwa wake na mahali kilipo, kwa hiyo anayefanya mtihani ni picha.

Miaka sita baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, Cormack alitengeneza fantomu ya pili iliyokaribia kichwa zaidi. Pete ya aluminiamu ilikuwa fuvu, plastiki angavu ndani yake ikawa nyama laini, na visahani viwili vya aluminiamu vikawa uvimbe. Alichapisha matokeo mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Miaka michache baadaye, bila kumjua, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI mjini London alikuwa akielekea huko huko kwa njia yake, kwa kitanda cha mashine kuukuu ya kukerezea na chanzo cha miale ya gama ya ameresiamu. Kipimo kimoja kilimchukua siku 9 mfululizo, kisha kompyuta ikafanya hesabu kwa saa mbili na nusu. Kilicholala juu ya kitanda kile kwa siku zote hizo kilikuwa kitu kisicho na uhai. Binadamu gani angevumilia? Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hounsfield alituachia pia kipimo kinachobeba jina lake, na bila hicho habari ya kuchapa mapafu kwa printa, tunayoielekea, haiwezi kueleweka. Maji yamepewa 0. Hewa imepewa −1000. Kila kitu kingine hupangwa kwa kulinganishwa na hivyo viwili: mafuta ya mwili huangukia kati ya −50 na −100 hivi, misuli hukaa karibu na +50, pafu lililojaa hewa hucheza kati ya −700 na −900, na mfupa mgumu hupita +1000. Picha ya CT anayoiona daktari ni ramani ya namba hizo iliyotiwa rangi ya kijivu.

Sasa fikiria mtafiti ametunga namna mpya ya kujenga picha hiyo, anayodai itapunguza mionzi kwa nusu. Atahakikishaje kwamba vinundu vidogo vya saratani havipotei? Anahitaji kupiga picha kitu kile kile mara nyingi mno, kwa nguvu tofauti za mionzi, leo na wiki ijayo, katika skana ya kampuni hii na ya kampuni ile. CT moja ya kifua humpa mtu takriban milisivati 5 hadi 7, wakati wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisivati 2.4 kwa mwaka mzima. Hakuna kamati ya maadili itakayomruhusu kumrudisha mtu kwenye kitanda hicho mara mia. Na hata ingemruhusu, mtu anapumua, anameza mate, ananenepa kati ya wiki na wiki.

Hapo ndipo wengi hukosea kuhusu kazi hii. Wakisikia mwili bandia hufikiria zile sanamu za darasa la baiolojia, ini la rangi ya hudhurungi, mishipa myekundu na ya buluu. Mashine haina habari na rangi, wala umbo peke yake haliitoshi. Skana ya CT inauliza swali moja: unazuia mionzi kiasi gani? Altrasaundi inauliza sauti inakupita kwa kasi gani, inafifia kiasi gani njiani, na ni kiasi gani kinachorudi. MRI haijali hayo yote. Inazisumbua chembe za hidrojeni zilizomo ndani yako kisha inapima zinachukua muda gani kutulia. Fantomu haiuigi mwili. Inaiga jibu ambalo mwili ungelitoa kwa swali moja, na kitu kinachojibu kama nyama mbele ya skana moja kinaweza kujibu kama jiwe mbele ya nyingine.

Chukua PLA, ile plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au miwa na inayotumika kwenye printa nyingi za 3D za mezani. Kwa CT, kipande cha PLA kilichojaa barabara kiko juu kidogo ya misuli, basi ni jirani wa nyama. Kwa altrasaundi, sauti hukipita kwa zaidi ya mita 2000 kwa sekunde, wakati nyama laini huhesabiwa kuwa 1540. Wimbi hugonga ukuta na kurudi. Kwa MRI kipande hicho hicho ni giza tupu, kwa sababu chembe zake za hidrojeni hutulia upesi mno kabla mashine haijazisikia. Anayekuuzia fantomu moja ya kutumika kwa mashine zote tatu ni vyema umuulize maswali mengi.

Kabla ya printa, ufundi huu ulikuwa wa resini, nta na raba. Maarufu kuliko zote ni ile iliyoitwa RANDO, kazi ya Mmarekani Samuel Alderson, yule yule aliyetuletea sanamu za kugongeshwa ndani ya magari. RANDO ni kiwiliwili na kichwa vilivyokatwa vipande vya sentimita 2.5 kila kimoja, vyenye matundu ya kuwekea vipimia-mionzi. Na ndani ya raba yake kuliwekwa mifupa halisi ya binadamu. Sijawahi kuizoea habari hiyo. Hospitali duniani kote zilipima usalama wa tiba ya mionzi kwa mifupa ya watu ambao haijulikani kama waliulizwa, na kwa miongo hilo halikumsumbua mtu kwa sababu kitu chenyewe kilifanya kazi. Kikwazo kilichosemwa zaidi kilikuwa kingine: fantomu za kiwandani kwa kawaida zilikuwa na umbo la mtu mzima wa afya, wa kimo cha wastani. Wagonjwa hawako hivyo.

Uchapaji wa 3D ni wa tangu miaka ya 1980. Charles Hull aliomba hataza ya kugandisha resini kwa mwanga mwaka 1984. Miaka michache baadaye Scott Crump alikuja na njia ya kuyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kwa muda mrefu hospitali zilitumia printa hizo kutengeneza mifupa ya kushika mkononi, ili daktari wa upasuaji aone fuvu lililopasuka kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Kwa mashine ya picha kazi hizo hazikufaa kitu: umbo la nje ni la pafu, ndani ni plastiki ile ile mwanzo hadi mwisho.

Ufumbuzi ulikuwa katika jambo ambalo kila mwenye printa analijua. Printa haijazi kitu chote. Huweka nyuzi na kuacha nafasi kati yake ili kuokoa plastiki na muda. Ukiutazama mkeka wa ukili uliosukwa kwa nafasi ukiwa umesimama mbali, huoni tena ukili wala tundu, unaona rangi moja iliyo kati ya hivyo viwili. Skana ya CT nayo ina umbali wake. Nyuzi zikiwa nyembamba kuliko inavyoweza kutofautisha, huchanganya plastiki na hewa na kutoa namba moja. Jaza nusu ya nafasi kwa PLA, utapata namba iliyo karibu katikati ya hewa na plastiki. Jaza moja ya tano tu, utakuwa karibu na −800, na hapo umefika mapafuni.

Kikundi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliipeleka hoja hii mbali zaidi, kwa mbinu waliyoiita PixelPrint na kuichapisha mwaka 2022. Kawaida ya wengine ni kuchukua picha ya CT ya mgonjwa, kuchora mipaka ya kila kiungo, kuigeuza mipaka kuwa umbo, kisha kuiambia programu ya printa ijaze umbo hilo. Katika hatua hizo kila kitu chenye ukungu hupotea, na ugonjwa wa mapafu ni ukungu kwa sehemu kubwa. Wao waliziruka hatua zote. Programu yao inasoma namba za Hounsfield kwenye picha ya mgonjwa na kuzigeuza moja kwa moja kuwa amri za mwendo wa printa. Plastiki inatoka kwa kiasi kile kile wakati wote. Kinachobadilika ni kasi ya mdomo wa printa. Ukienda polepole uzi unanenepa hadi milimita 1 na kuziba nafasi. Ukikimbia uzi unakonda hadi milimita 0.2 na hewa inatawala. Tabaka linalofuata linageuzwa nyuzi 90, tena na tena, kwa saa nyingi.

Kinachotoka kwenye printa hakipendezi macho. Ni tofali la plastiki lenye nyuzinyuzi. Mtu akilishika anaweza kudhani printa imeharibika. Liweke kwenye skana, na kwenye kioo linatokea pafu la mtu fulani, mishipa yake ikigawanyika hadi ile myembamba, na ukungu wa ugonjwa wake ukiwa pale pale ulipokuwa siku alipopigwa picha. Kwa mifupa, ambako PLA tupu haifiki, hutumiwa uzi uliochanganywa na unga wa mawe. Hakuna fuvu la marehemu ndani yake.

Mimi binafsi huvutiwa zaidi na njia ya Berlin, kwa jinsi inavyotumia vitu vya ofisini. Watafiti wa hospitali ya Charité walichukua printa ya kawaida ya wino, wakatia kwenye wino iodidi ya potasiamu, wakachapa picha za CT kwenye karatasi. Iodini ni yale madini joto ya kwenye chumvi, na pia ndiyo iliyomo katika dawa anayodungwa mgonjwa ili mishipa yake ing'ae kwenye CT, kwa sababu inazuia mionzi vizuri. Wino ukikolea, karatasi inazuia zaidi. Ukipauka, inazuia kidogo. Wakapanga karatasi moja juu ya nyingine na kuziunganisha hadi rundo likawa na unene wa shingo au kichwa cha mtu. Kazi hiyo ilitoka katika jarida la Radiology mwaka 2017. Kichwa cha karatasi ni cha bei nafuu kukirudia, na kila ukurasa wake unaweza kuusoma kwa macho kabla haujaingia kwenye rundo. Ukiuliza doa lile ni nini, jibu liko kwenye karatasi fulani, na unaweza kuichapa upya bila doa hilo.

Njia ya nyuzi za plastiki ina mwisho wake. Nafasi kati ya nyuzi hufichika mradi skana isione vizuri sana, na skana zinazidi kuona vizuri. Zile mpya zinazohesabu fotoni moja moja hutofautisha vitu vilivyo chini ya milimita 0.3, na mbele yake mkeka unarudi kuwa mkeka: mistari ya uzi inajitokeza na kuvuruga vipimo. Kisha kuna mambo ya kawaida ya plastiki. PLA huanza kulegea karibu na nyuzijoto 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa inafika hapo bila shida. Pafu lililochapwa kwa saa nyingi linaweza kupinda njiani kuelekea hospitalini.

Kwa altrasaundi na MRI printa inashuka cheo, inakuwa mtengeneza kalibu. Mwili wenyewe unapikwa.

Tuseme unataka nyama ya altrasaundi kwa viwango vya Tume ya Kimataifa ya Elektrotekniki. Katika kila gramu 100 za mchanganyiko, karibu 83 ni maji na 11 ni gliserini. Gramu 3 ni agari, jeli inayotokana na mwani, ndiyo inayoshikilia vyote. Zilizobaki ni chache lakini ndizo zenye kazi: unga wa oksidi ya aluminiamu wa saizi mbili, unga kidogo wa kabidi ya silikoni, na dawa ya kuzuia ukungu, maana chakula cha namna hii vimelea hukipenda. Gliserini imo kwa sababu ya kasi. Sauti kwenye maji ya nyuzi 20 huenda mita 1482 kwa sekunde, na mashine za altrasaundi huamini kwamba kila nyama ni 1540, bila kumuuliza mgonjwa. Ukiacha jeli yako na kasi ya maji, kitu kilicho kina cha sentimita 10 kitaonyeshwa kwenye 10.4. Gliserini inaisukuma kasi juu hadi 1540. Unga nao unaitawanya sauti, na ndio unaotoa ile chengachenga ya kijivu ambayo kila mama mjamzito ameiona kwenye kioo cha kliniki. Bila unga, jeli ni nyeusi tii, kama kibofu kilichojaa.

Unachanganya, unapasha moto hadi karibu nyuzi 96 na kuishikilia hapo kama saa moja, huku ukikoroga. Kisha inakuja sehemu ambayo wageni huiharibu: kupoza. Unapaswa kuendelea kukoroga polepole hadi joto lishuke karibu na nyuzi 42, muda mfupi kabla agari haijaanza kuganda. Ukimimina mapema, unga unazama na ini lako linakuwa zito chini na jepesi juu. Ukichelewa, inagandia sufuriani. Ukikoroga kwa haraka unaingiza hewa, na kiputo kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi kinatosha kung'aa kwenye picha na kutupa kivuli nyuma yake mithili ya jiwe la figo. Maabara zenye uwezo huiweka sufuria ndani ya chombo cha ombwe ili hewa itoke. Wasio nacho hungoja kwa subira, halafu humimina taratibu kwenye kalibu iliyochapwa, wakianzia pembeni.

Mishipa ya damu hutengenezwa kwa kinyume chake. Unachapa umbo la mshipa kwa plastiki inayoyeyuka majini, unalizungushia silikoni, unasubiri igande, kisha unaliloweka. Plastiki inaondoka na kuacha njia tupu yenye kila kona ya mshipa wa mtu yule, pamoja na pale ulipoziba. Ndani yake hupitishwa damu ya kuigiza: maji, gliserini, na chembe za nailoni za mikromita 5 zinazocheza sehemu ya seli nyekundu.

MRI ndiyo yenye uhusiano na pwani yetu. Ili jeli ijibu kama ubongo, mpishi anahitaji kurekebisha nyakati mbili za kutulia kwa hidrojeni, kila moja peke yake. Kwenye skana ya tesla 3, wakati wa kwanza kwa sehemu nyeupe ya ubongo ni karibu milisekunde 800, na kwa sehemu ya kijivu karibu 1300. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walichapisha mapishi yanayofanya hivyo kwa viungo vinne: chumvi ya gadolinia kufupisha wakati wa kwanza, agarosi kufupisha wa pili, chumvi ya kawaida ili umeme upite kama unavyopita mwilini, na karajinani kuwapa wote mwili imara unaoweza kusimama bila chombo. Karajinani hutoka kwenye mwani mwekundu, na ndiyo sababu mwani hulimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, kazi inayobebwa zaidi na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani, wakiinama majini maji yakitoka. Kwa fantomu inatakiwa karajinani ya aina ya kappa, inayoganda ngumu, na hiyo hutoka kwenye mwani uitwao kotonii. Wakulima wetu wanaipenda kotonii kwa sababu ina bei, lakini bahari ikipata joto kotonii hufa, na wengi wamebaki na mwani mwingine, spinosamu, ambao jeli yake ni laini. Biashara ya karajinani ni ya dawa za meno, maziwa na soseji. Fantomu zinakula punje tu ya zao hilo. Hata hivyo mtu wa Jambiani akisikia kwamba huko ughaibuni wanaunda ubongo kwa mwani, si uongo.

Mapishi hayo yanategemea nguvu ya sumaku. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, timu ya wenyeji na wageni iliunganisha skana ya MRI kutoka kwenye vipande vyake kwa siku 11, kwa lengo la kuwahudumia watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji. Sumaku yake ni ya militesla 50, mara 60 chini ya tesla 3. Katika sumaku dhaifu namna hiyo nyakati za kutulia hubadilika, ule wa kwanza ukiwa mfupi zaidi, na jeli iliyopimwa kwa hospitali kubwa inatoa majibu ya mahali pengine. Anayetaka fantomu ya mashine ya Mbarara apike upya. Kwa tatizo lenyewe kalibu si ngumu: fuvu la mtoto lililochapwa, jeli ya ubongo iliyosukumwa pembeni, na katikati vyumba vya maji vya ukubwa unaojulikana.

Kuna faida moja ya printa ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kwa miongo, vituo vya Marekani vya kupiga picha za matiti vilipimwa kwa fantomu moja ya Chuo cha Radiolojia cha nchi hiyo, iliyosimama badala ya titi lililobanwa hadi unene wa sentimita 4.2. Ndani yake mlifichwa nyuzi 6, makundi 5 ya vidoa na vivimbe 5; ili kufaulu, fundi alipaswa kuona angalau nyuzi 4, makundi 3 na vivimbe 3. Lakini vilikaa mahali pale pale mwaka hadi mwaka. Jicho linalojua uzi wa nne uko wapi litauona hata pale ulipofifia. Hali ni hiyo hiyo kwa programu za akili bandia zinazosaka vinundu mapafuni: ukizipa picha ulizozifundishia zitashinda. Ukiwa na printa unaweza kuhamisha kinundu kila mara, ukakiongezea milimita 1, ukakificha nyuma ya mbavu, na usimwambie mtu.

Anayetaka kuanza kazi hii atakutana haraka na mduara unaoudhi: fantomu inaikagua skana, na skana ndiyo iliyotumika kuikagua fantomu. Mduara hukatwa kwa vipimo visivyo na picha. Kasi ya sauti hupimwa kwenye tangi, kwa rula na saa, joto likiwa limedhibitiwa. Uzito wa kila kipande hupimwa kwenye mizani na kulinganishwa na ujazo wake. Kwa CT kuna maji, ambayo ni 0 kwa makubaliano; mpango wa ithibati wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani hutaka yasome kati ya −7 na +7, na hupendelea yasivuke 5. Hivyo pafu jipya likitoka kwenye printa huingizwa skanani pamoja na chupa ya maji yaliyokenekwa ubavuni mwake. Chupa ikisoma 9, vipimo vya siku hiyo vinatupwa, pafu linarudi kabatini, na anayepigiwa simu ni fundi wa skana.